Njama za Bei: Namna Zinavyopangwa na Namna Zinavyovunjwa

Mwananchi anapofika dukani na kukuta bei ya bidhaa imepanda kwa kiwango kile kile, siku ile ile, katika maduka yote ya mtaa, hujiuliza iwapo bidhaa hiyo imeadimika au kuna watu waliokaa mahali wakakubaliana. Mara nyingi jawabu huwa ni la kwanza. Meli imechelewa, nauli ya bahari imepanda, fedha ya kigeni imekuwa ghali, au mavuno ya nchi inakonunuliwa bidhaa yameharibika. Lakini zipo nyakati ambapo jawabu ni la pili, na nyakati hizo mlaji hutozwa fedha ambazo hakupaswa kutozwa, bila ya kujua nani aliyemtoza. Madhumuni ya maelezo haya ni kuwafahamisha wananchi na wafanyabiashara maana ya njama za bei, namna zinavyoendeshwa, kwa nini aghalabu huvunjika, na hatua ambazo nchi mbali mbali zimechukua ili kuzizuia.

MAANA YA NJAMA YA BEI

Njama ya bei ni makubaliano, ya maandishi au ya mdomo, baina ya wafanyabiashara ambao kwa kawaida walipaswa kushindana, kwamba hawatashindana. Kundi la wafanyabiashara waliofungamana kwa namna hii huitwa kateli. Makubaliano hayo huwa ya aina nne zilizo mashuhuri. Ya kwanza ni kupanga bei kwa pamoja, au kupanga kiwango cha punguzo ambacho mnunuzi wa jumla atapewa. Ya pili ni kupunguza kwa makusudi kiasi cha bidhaa kinachoingizwa sokoni ili bei ipande yenyewe. Ya tatu ni kugawana soko, huyu achukue mji huu na yule achukue mji ule, au kila mmoja abaki na wateja wake na asimguse mteja wa mwenzake. Ya nne ni kupanga zabuni, ambapo wazabuni huamua wenyewe nani atashinda kabla bahasha hazijafunguliwa.

Ni muhimu kutofautisha njama na bei zinazolingana kwa sababu nyengine. Bei za mafuta ya gari hapa Zanzibar, kwa mfano, hupangiwa kikomo na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati na kutangazwa hadharani. Hiyo ni kazi ya sheria na wala si njama. Hali kadhalika, muuza samaki anayesikia mwenziwe anauza kwa bei fulani naye akauza kwa bei hiyo hiyo hakufanya kosa. Kosa huanza pale washindani wanapoafikiana.

MKATE WA AFRIKA YA KUSINI

Mfano ulio wazi kabisa, na unaolihusu bara la Afrika, ni ule wa mkate wa Afrika ya Kusini. Mkate ni chakula cha kila siku cha watu wa kipato cha chini katika nchi hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 sehemu kubwa ya mikate iliyouzwa ilitoka katika makampuni manne, nayo ni Premier, Tiger Brands, Pioneer na Foodcorp. Makampuni hayo hayo yalimiliki pia vinu vya kusaga unga.

Mnamo Disemba 2006, katika jimbo la Western Cape, wachuuzi wanaonunua mikate viwandani na kuisambaza madukani walipokea taarifa kutoka makampuni matatu kati ya hayo kwamba bei itapanda na punguzo lao litapungua. Taarifa hizo zilikuja karibu kwa wakati mmoja na zilifanana. Mchuuzi aliyetaka kuhama kutoka kampuni moja kwenda nyengine alikuta mlango umefungwa, kwa sababu makampuni yalikuwa yamekubaliana pia kutopokea wachuuzi wa mwenzao.

Faida ya mchuuzi wa mikate ni senti chache kwa kila mkate. Kupunguziwa punguzo kulimaanisha ama ale hasara yeye, ama aipeleke kwa mwenye duka, naye mwenye duka aipeleke kwa mama anayenunua mkate wa watoto. Baadhi ya wachuuzi hao hawakunyamaza. Walipeleka malalamiko yao kwa Tume ya Ushindani ya nchi hiyo, wakijua kwamba wanayemlalamikia ndiye huyo huyo ambaye kesho alfajiri watasimama mlangoni kwake kuchukua mikate.

Tume ilianza uchunguzi. Haukupita muda mrefu kampuni ya Premier ilijitokeza, ikakiri, na ikaeleza namna washindani walivyokuwa wakikutana na kupigiana simu, na kwamba makubaliano hayakuwa ya Western Cape peke yake. Kwa kukiri kwanza ilisamehewa faini. Tiger Brands ilikubali makosa na kulipa faini ya randi milioni 98.8 mnamo Novemba 2007. Foodcorp ilifuata mwaka 2009. Pioneer ilikataa, ikaenda mbele ya Baraza la Ushindani, na mwezi wa Februari 2010 ikatozwa faini ya randi milioni 195.7.

Faini hizo, hata hivyo, ziliingia katika hazina ya serikali na si katika mifuko ya wachuuzi waliopata hasara. Wachuuzi walifungua madai ili waruhusiwe kudai fidia kwa pamoja, kwa kuwa hapana hata mmoja wao aliyekuwa na uwezo wa kuendesha kesi peke yake. Walikataliwa katika Mahakama Kuu na tena katika Mahakama ya Rufaa. Ni Mahakama ya Katiba iliyowakubalia rufaa yao mwaka 2013 na kuwaruhusu kurudi tena Mahakama Kuu kuomba idhini. Miaka zaidi ya sita ilikuwa imepita tangu siku walipopokea zile taarifa za kupanda kwa bei.

KWA NINI NJAMA NI NGUMU KUIENDESHA

Watu wengi hudhani kwamba wafanyabiashara wakishakubaliana, mambo huwa yamekwisha. Ukweli ni kinyume chake. Njama ya bei ina adui ndani yake yenyewe, na adui huyo ni tamaa ile ile iliyoizaa.

Na ichukuliwe kwa mfano waagizaji watatu wa sukari. Kila polo linamgharimu muagizaji shilingi 100,000. Wakishindana, huuza kwa shilingi 105,000, na kila mmoja huuza mapolo 1,000 kwa mwezi. Faida ya kila mmoja ni shilingi milioni 5. Siku moja wanakubaliana kuuza kwa shilingi 115,000. Ikiwa wanunuzi hawakupungua, faida ya kila mmoja inapanda hadi shilingi milioni 15 kwa mwezi.

Sasa mmoja wao anafikiri usiku. Akiwauzia wateja wachache kwa siri kwa shilingi 113,000, wenye maduka watamkimbilia. Akiuza mapolo 2,000 atapata shilingi milioni 26, yaani milioni 11 zaidi ya alizokuwa akizipata kwa uaminifu. Wenzake wakigundua mwezi unaofuata, watashusha bei, na wote watarudi katika faida ya milioni 5. Hapo yule aliyehini atakuwa anapoteza milioni 10 kila mwezi, na kwa miezi miwili tu atakuwa ameshapoteza zaidi ya alichokichuma. Lakini ikiwa wenzake watachukua miezi sita kugundua, atakuwa amechuma milioni 66 za ziada kabla ya kuadhibiwa.

Katika hesabu hii ndogo kuna siri yote ya kateli. Njama hudumu pale ambapo anayehini hugunduliwa upesi na huadhibiwa vikali, na huvunjika pale ambapo khiyana inaweza kufichwa. Kwa sababu hiyo njama hustawi zaidi katika biashara zenye sifa fulani, nazo ni wauzaji wachache, bidhaa isiyotofautiana kama vile saruji, unga, sukari, chuma au mbolea, ugumu wa mfanyabiashara mpya kuingia, na bei zinazoonekana kwa urahisi na washindani wote. Wauzaji wakiwa ishirini, na kila mmoja ana bidhaa yake ya namna yake, kuafikiana huwa kazi kubwa na kulindana huwa kazi kubwa zaidi.

DAFTARI LA LYSINE

Ushahidi ulio kamili zaidi wa namna kateli inavyojilinda ulipatikana Marekani katika miaka ya 1990. Bidhaa yenyewe ni lysine, kirutubisho kinachotiwa katika chakula cha kuku na nguruwe. Kampuni ya Marekani ya Archer Daniels Midland iliingia katika biashara hiyo mwaka 1991 na kiwanda kikubwa, na bei ikaanguka. Mwezi wa Juni 1992 wakuu wake walikutana mjini Mexico City na washindani wao kutoka Asia, na baada ya hapo bei ilipanda kwa takriban asilimia 70 katika muda wa miezi michache.

Lakini bei pekee haikutosha, kwani kila kampuni iliishuku nyengine kwamba inauza kwa siri. Basi waligawiana viwango vya mauzo kwa tani. Kila mwezi kila kampuni ilitoa taarifa ya ilichouza, na ilikubaliwa kwamba atakayezidisha kiwango chake mwisho wa mwaka atanunua bidhaa kutoka kwa yule aliyepungukiwa. Hivyo hapakuwa na faida ya kuhini. Ili mikutano yao isishukiwe, waliifanya chini ya mwavuli wa jumuiya ya wazalishaji, na wakaandika ajenda za uongo.

Yote haya yanajulikana kwa sababu mkuu mmoja wa kampuni hiyo, Mark Whitacre, alianza kutoa habari kwa Idara ya Upelelezi ya Marekani mwishoni mwa mwaka 1992, na kwa zaidi ya miaka miwili alirekodi mazungumzo ya wenzake. Katika kanda moja alisikika rais wa kampuni akieleza kwamba washindani ndio marafiki na wateja ndio maadui. Mwezi wa Juni 1995 wapelelezi waliingia katika ofisi za kampuni. Mwaka 1996 kampuni ilikubali kulipa faini ya dola milioni 100, zikiwemo dola milioni 30 kwa ajili ya njama nyengine ya asidi ya sitriki. Wakuu wawili walifungwa jela, na Whitacre naye alifungwa, kwani iligunduliwa kwamba wakati wote huo alikuwa akiiibia kampuni yake.

NJAMA KATIKA ZABUNI

Hasara ya njama katika zabuni humwangukia kila mlipa kodi, hata yule asiyenunua chochote. Afrika ya Kusini ilijenga na kutengeneza viwanja vya mpira kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2010. Uchunguzi ulionesha kwamba mwaka 2006 makampuni ya ujenzi yalikutana, yakagawana viwanja, na yakaafikiana kuweka faida ya asilimia 17.5. Aliyepangiwa kushindwa alipeleka bei ya juu kwa makusudi, ili aliyepangiwa kushinda aonekane kuwa ni nafuu. Mwaka 2013 makampuni 15 yalikubali kulipa jumla ya faini ya randi bilioni 1.46 kwa njama za viwanja na miradi mengine mingi.

Maofisa wanaofungua zabuni wanaweza kuzitambua baadhi ya dalili. Wazabuni wale wale hushinda kwa zamu. Bei za walioshindwa huwa juu kupita kiasi bila ya maelezo. Nyaraka za makampuni mawili tofauti huwa na makosa yale yale ya tahajia au ya hesabu. Mzabuni hujitoa ghafla bila ya sababu, kisha huonekana akipewa kazi ndogo na yule aliyeshinda. Dalili moja si ushahidi, lakini dalili tatu kwa pamoja zinastahili kuchunguzwa.

NJIA ZA KUZUIA NJAMA

Njia ya kwanza ni adhabu. Marekani ilikataza njama za namna hii kwa sheria ya mwaka 1890, na leo mtu anayepatikana na hatia anaweza kufungwa hadi miaka 10. Katika Jumuiya ya Ulaya faini inaweza kufikia asilimia 10 ya mapato ya kampuni ya mwaka mzima kutoka duniani kote. Afrika ya Kusini nayo, tangu Mei 2016, inaweza kuwafunga wakurugenzi wanaohusika. Ukali huo una hesabu yake. Ikiwa njama inaingiza shilingi milioni 100, na katika kila njama tano hugunduliwa moja tu, basi faini ya milioni 100 haimtishi mtu, kwani mara nne kati ya tano ataondoka na faida yote. Ili imzuie, faini lazima ipindukie milioni 500. Pale ambapo faini ya kiwango hicho ingeiua kampuni na kuwatoa kazini wafanyakazi wasiohusika, adhabu ya mkurugenzi mwenyewe huwa na maana zaidi.

Njia ya pili, ambayo imeleta mafanikio makubwa kuliko zote, ni msamaha kwa anayekiri wa kwanza. Marekani iliuimarisha utaratibu huo mwaka 1993, Ulaya ikaufuata mwaka 1996, na Afrika ya Kusini mwaka 2004. Maana yake ni kwamba mwanachama wa kateli anayetangulia kutoa habari zote husamehewa faini, na wanaobaki hulipa. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ulaya iliwatoza watengenezaji wa malori faini ya jumla ya karibu euro bilioni 2.93 kwa njama iliyodumu miaka 14, tangu 1997 hadi 2011. Kampuni ya MAN ilikuwemo katika njama hiyo, lakini kwa kuwa ndiyo iliyoifichua, haikulipa kitu.

Wapo wanaosema kwamba si haki kumsamehe mkosaji, na hoja hiyo ina uzito. Lakini faida ya msamaha huu haiishii kwa mkosaji mmoja, kwa sababu unatia shaka katika kila kikao cha siri. Kila aliyekaa mezani anajua kwamba jirani yake anaweza kuondoka asubuhi na kwenda kukiri kabla yake, na kwamba wa pili hapati alichopata wa kwanza. Lile adui lililomo ndani ya njama hupewa njia ya kutokea. Utaratibu huu, hata hivyo, haufanyi kazi pale ambapo adhabu ni ndogo, kwani hapana anayekimbilia msamaha wa kosa lisilomtisha.

Njia ya tatu ni kuwafungulia mlango washindani wapya. Leseni zinapotolewa bila ya vikwazo visivyo vya lazima, na bandari inapomhudumia muagizaji mdogo sawa na mkubwa, bei ya njama humkaribisha mgeni, na mgeni huivunja.

Njia ya nne inahitaji hadhari. Wengi hudhani kwamba kutangaza bei za kila muuzaji daima humsaidia mnunuzi. Mamlaka ya ushindani ya Denmark ilidhani hivyo mwaka 1993, ikaanza kuchapisha bei halisi ambazo kila kiwanda cha zege kilikuwa kikiwauzia wateja wake, pamoja na punguzo zilizokuwa za siri. Katika muda wa mwaka mmoja bei ilipanda kwa asilimia 15 hadi 20. Ilikuwa mamlaka imewafanyia wauzaji kazi ya kuchunguzana, na hapana tena aliyeweza kutoa punguzo bila ya wenzake kujua. Bei ya rafuni inayomsaidia mama kuchagua duka ni jambo jema. Orodha ya mapatano ya siri ya wauzaji wa jumla wachache ni jambo jengine.

SHERIA KATIKA ENEO LETU

Tanzania Bara ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza makubaliano ya kupanga bei, kususia kwa pamoja na kupanga zabuni. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2018 ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, pamoja na tume iliyoundwa chini ya sheria hiyo. Jirani zetu wa Kenya, ambao sheria yao ni ya mwaka 2010, waliwatoza watengenezaji tisa wa vyuma faini ya karibu shilingi milioni 339 za Kenya mwaka 2023 kwa kosa la kupanga bei. Hivyo basi, si kweli kwamba sheria hizi ni za nchi tajiri pekee.

Kwa nchi ya visiwa jambo hili lina uzito wa pekee. Mchele, unga wa ngano na sukari huja kwa bahari, na wanaoweza kukodi nafasi melini si wengi. Nyongeza ya shilingi 100 tu katika kilo moja, kwa familia inayotumia kilo mbili kwa siku, ni shilingi 73,000 kwa mwaka. Kwa aliye na kipato kikubwa hilo ni jambo dogo. Kwa mchukuzi wa bandarini au mkulima wa mwani, ni sare ya skuli ya mtoto.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Wafanyabiashara wanakumbushwa kwamba jumuiya zao ni halali na zina manufaa, na kwamba hapana ubaya kukutana kuzungumzia bandari, kodi au ubora wa bidhaa. Lakini mazungumzo yakigeukia bei ya kesho, punguzo au mteja wa nani, aliye muadilifu anatakiwa apinge, aondoke, na ahakikishe kwamba kuondoka kwake kumeandikwa katika kumbukumbu za kikao. Kukaa kimya huweza kuhesabiwa kuwa ni kukubali.

Wananchi, na hasa wenye maduka ya reja reja, wanashauriwa kuhifadhi risiti, na kuandika tarehe na kiwango kila wanapopokea taarifa za kupanda kwa bei kutoka kwa wauzaji wa jumla. Mwenye mashaka na ayapeleke kwa tume inayohusika, kwa maandishi, akieleza alichokiona na si alichokisikia mtaani. Kumtuhumu mfanyabiashara hadharani bila ya ushahidi ni dhulma, na pia humpa mwenye kosa nafasi ya kuficha nyaraka zake.

Ikumbukwe kwamba njama ya mkate wa Afrika ya Kusini haikufichuliwa na mabingwa wa uchumi. Ilifichuliwa na wachuuzi waliopokea taarifa zinazofanana ndani ya muda mfupi, wakaziweka pamoja na kuzilinganisha, kisha wakaenda kuuliza kwa nini.